Netwaki ya Kumfikisha Mama Mahakamani

Kesi ilikuwa ya shamba, na shamba lilikuwa la mama yangu. Baba alipofariki alimwachia nyumba, migomba na kipande cha ardhi kule Magharibi, na mdogo wake, ambaye kwangu ni baba mdogo, alianza kukimezea mate kabla hata matanga hayajaisha. Hoja yake ilikuwa moja na aliisema bila haya: mama hakuzaa mtoto wa kiume, alizaa msichana mmoja tu, na msichana ni wa kuolewa, kwa hiyo ardhi irudi kwa ukoo. Msichana huyo ni mimi. Sijaolewa, na hata ningeolewa mara tatu, ujinga ule ungebaki ujinga.

Mama alimshtaki, na hakimu akapanga siku ya kumsikiliza mama. Shida ni kwamba mama hakuwa nyumbani. Miezi kadhaa kabla, aliteleza akitoka kuteka maji, akavunjika nyonga, nikamleta Nairobi akapasuliwa. Tangu hapo alikuwa kwenye kitanda changu pale Laini Saba, Kibera, na mimi nalala chini kwenye godoro. Daktari alikuwa amekataza safari ndefu, na hata fupi hakuzipenda. Wakili wetu akaenda kuomba, hakimu akakubali: mama atoe ushahidi kwa video, kupitia kompyuta, akiwa palepale kitandani. Nilifurahi mpaka wakili aliponipigia simu.

“Dada, nisikilize vizuri,” akasema. “Kesi ikiitwa na mama haonekani, au akikatika katikati ya maneno, wale wataomba itupwe. Hakimu ameshaahirisha vya kutosha. Hiyo intaneti yako iwe ya uhakika.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wenyewe nikabaki nao mimi.

Mimi nafanya kazi kwenye saiba huko Kawangware. Nachapia watu barua, nawatolea nakala, nawatafutia mambo yao ya serikali kwenye mtandao. Ungedhani mtu kama mimi anajua mambo ya intaneti. Sijui! Pale saiba intaneti inaingia kwa waya. Ikipotea namwita mwenye saiba, naye anamwita mtu wake, nami nakunywa chai. Nyumbani nilikuwa na laptopu kuukuu niliyouziwa na mtu aliyekuwa anahama, na simu ambayo ukiiambia igawe intaneti inapata moto mpaka huwezi kuishika, halafu inajizima. Kwa hiyo nilihitaji modemu, na laini ya kutia ndani yake, na kabla ya yote nilihitaji kujua laini ya kampuni gani.

Wenye lami mlangoni wataniuliza mbona nisimpeleke mama saiba. Kutoka kwangu mpaka pale pikipiki inapofika kuna mitaro ya kuruka, na ubao wa kupita juu ya maji machafu, na mgonjwa wa nyonga haruki. Siku tulipomtoa hospitali tulimwingiza amekalia kiti, wanaume wa ploti, wapangaji wenzangu, wakipokezana kumbeba, na mama alilia njia nzima. Yeye, ambaye hata siku ya kumzika baba hakulia mbele za watu. Kurudia hilo sikuwa tayari.

Kampuni zilizoninyima usingizi zilikuwa mbili. Sitazitaja, sitaki maneno na mtu. Nitaziita Zambarau na Njano, na usihangaike kutafuta miavuli ya mawakala yenye rangi hizo barabarani, nimezibuni.

Nilianzia kwa fundi wa simu ambaye kibanda chake kimepakana na saiba yetu. Ni mtu wa maneno mengi na mikono mepesi.

“Madam, niaje! Usijisumbue,” akasema. “Chukua Njano. Hapa mtaani Njano ndio baba yao.”

Akachomeka modemu kwenye laptopu yangu, akafungua video ya mahubiri, ikacheza bila kukwama hata mara moja. Tukajaribu Zambarau, mhubiri akaganda mdomo wazi. Moyo wangu ukatulia. Nilikuwa nimeshaingiza mkono kwenye mkoba nilipe, ndipo akauliza, “Kwani hii utatumia hapa?”

“Hapana. Nyumbani, Laini Saba.”

Akachomoa modemu, akairudisha mezani. “Maze, basi mimi sijui chochote.”

“Unasema nini wewe? Si umeniambia sasa hivi Njano ndio baba yao?”

“Baba yao hapa. Netwaki si ya kampuni, madam. Netwaki ni ya pale umesimama. Huko kwenu ni mabati juu, mabati kando, na minara siijui imekaa upande gani.” Akakuna kichwa. “Nitakupa hii modemu, nimeifungua, inakubali laini zote. Beba na laini mbili. Enda ujaribu kila moja pale pale mama atakuwa amelala, saa zile zile za korti. Na ukishachagua, usininunulie bando ya kadogo. Nunua ya wiki mzima. Nyinyi watu mnataka kununua hata hewa kadogo.”

Nikamwambia asinitukanie watu. Lakini alikuwa amesema kweli, kwetu mafuta ni ya kupimiwa kwenye kikombe, na sukari ni ya kufungiwa kwenye karatasi. Nikachukua modemu na laini zote mbili, nikaenda nyumbani na hofu mpya, kwa maana kesi ya ardhi yetu sasa ilitegemea mabati ya mwenye nyumba.

Mama alikuwa ameegemea mto, anachambua mboga kwenye ungo. Nikamweleza.

“Hiyo Njano inashika nyumbani?” akauliza.

“Mama, hatuko nyumbani. Tuko Nairobi.”

“Nimekuuliza kama inashika nyumbani.”

“Sijui.”

“Haishiki. Kwetu ni Zambarau, tena upande pale juu kwa kanisa. Weka Zambarau.”

Nilitaka kucheka, nikaona hachezi. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja wa kutoka ziwani anayekaanga samaki pale njiani, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, naye hakungoja kukaribishwa. “Yawa! Zambarau ya nini? Kwetu ziwani Njano inashika hata ukiwa chooni. Wekea mama Njano!”

Wakaanza kubishana, kila mmoja akitetea kilima chake. Kabla chai haijachemka ploti nzima ilikuwa imeingia, wa Magharibi upande huu, wa ziwani upande ule, na hakuna hata mtu mmoja aliyetaja inashikaje pale tulipokuwa tumesimama. Ndivyo tulivyo. Mtu anaishi Nairobi mwaka mzima, lakini laini ya simu anachagua ile itakayomfaa zile siku chache za Krismasi akienda kwao. Nilikuwa naijua desturi hiyo, hata mimi laini yangu ya kwanza niliichagua hivyo. Siku hiyo iliniudhi kweli.

Nikachomeka Njano. Hakuna. Nikachomeka Zambarau. Mstari mmoja, ukaja, ukaenda. Nikahamisha laptopu kutoka mezani mpaka miguuni pa mama, kutoka miguuni mpaka juu ya kabati, nikapanda stuli, nikashuka, nikayatukana mabati, nikamtukana aliyeyagongelea. Jirani yangu akacheka mpaka akajishika mbavu.

“Mchagua nazi hupata koroma,” akasema.

“Bora koroma, mama. Mimi hapa hata ganda sijaona.”

Ni yeye aliyenipa dawa, ingawa hakujua ni dawa. Alisema redio yake haikushika mpaka alipoitoa nje akaiweka kwenye dirisha la upande wa Nyayo Highrise, kule kwenye ghorofa ambako minara iko juu ya mapaa. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikatafuta waya mrefu wa kuunganisha modemu na laptopu, nikaupitisha kwenye ule upenyo kati ya ukuta na paa, nikaifunga modemu kwenye mpini wa ufagio na kuusimamisha nje. Ikawa afadhali. Halafu nikakumbuka kitu nilichowahi kuona vijana wa mtaani wakifanya, nikachukua sufuria yangu ndogo ya ugali, nikaifunga nyuma ya modemu, mdomo wake ukiangalia Highrise. Mistari ikapanda yote. Nikapiga kigelegele peke yangu pale nje, watu wakanitazama.

Sasa kazi ikawa kulinganisha. Niliomba kazini niwe naingia mchana, na kila asubuhi, zile saa za mahakama, niliweka hii, nikampigia video rafiki yangu wa saiba, nikaiondoa, nikaweka ile. Zambarau ilikuwa inaanza vizuri, halafu watu wakishaamka wote na kushika simu zao inalegea, sura inakwama, sauti inakuja vipande vipande. Njano ilikuwa inakawia kuingia, lakini ikishaingia inakaa. Nikiwa kazini Kawangware nilikuwa naogopa, nikiwa nyumbani naogopa zaidi. Usiku niliota hakimu anaita jina la mama na mimi natafuta sufuria siioni.

Mwishowe nikaamua. Nikamwambia mama ni Njano.

Akaendelea kukunja kitambaa chake cha kichwa. “Wewe hutaki kitu chochote cha kwetu,” akasema.

Nilikuwa nimechoka, na mdomo wangu sijui kuufunga breki. “Kwetu ni wapi, mama? Hapa ndio kwetu sasa! Hapa ndipo nimekuuguzia, hapa ndipo unakula na kulala. Hiyo shamba imekupa nini isipokuwa nyonga kuvunjika?”

Aligeuza uso akatazama ukuta, na chakula cha jioni hakukigusa. Nilijua nimemuumiza, lakini pia nilikuwa nimesema kitu ambacho nilikuwa nakitaka. Nilikuwa nimezoea kurudi kutoka kazini na kukuta mtu ananingoja. Nilitaka tushinde kesi, ndio, lakini nilitaka tushinde halafu abaki.

Siku moja kabla ya kesi alinisemesha tena, na nikashukuru Mungu. Aliuliza, “Huyo hakimu ataingia humu ndani?”

“Hataingia, mama. Ataona tu, kwa hiyo kamera.”

“Akiona ameingia. Basi ni mgeni.”

Kwetu Magharibi mgeni hapokelewi na kiti kitupu. Mama akaniagiza nivute begi lake kutoka chini ya kitanda, na mle ndani mlikuwa na vitambaa vyake vyote, vile vya kushona kwa mkono, vyeupe vyenye pindo la waridi, ambavyo nilikua nikiviona sebuleni kwetu. Sikujua alikuja navyo. Tukavitandika: kimoja juu ya meza, kimoja juu ya mtungi wa maji, kimoja kwenye kabati, na kingine kikubwa mgongoni mwa kiti ambacho hata hakingeonekana. Jirani wa ziwani akaleta pazia lake la sikukuu tukafichia ukuta. Mwisho mama akatoa picha ya baba, ile kubwa yenye fremu, amevaa suti ya kuazima. Akanionyesha kwa kidole pa kuitundika, juu ya kichwa chake, katikati. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni kutazama. Chumba changu hakijawahi kupendeza vile. Nilijivuna, nikasema waache wamwone mama wa watu, wajue hawapigani na mtu wa kutupwa.

Asubuhi ya kesi mama alivaa gauni la kanisa. Stima ilikuwepo, lakini sikuiamini, laptopu nilikuwa nimeijaza chaji saiba. Nje, jirani yangu alikuwa amekalia stuli chini ya ule mpini wa ufagio, mwiko mkononi, kwa sababu modemu inayoning'inia njiani Laini Saba haimalizi nusu saa bila kuibwa. Fundi wa milango ya chuma anayefanya kazi mkabala nasi alikuwa ameahidi kutogonga nyundo mpaka tumalize. Alikuwa amekaa tu, mikono magotini, anatungoja.

Tukaingia. Kwenye kioo kukatokea vijumba vidogo vya sura za watu: karani, mawakili, hakimu mwenyewe akiwa nyuma ya meza yake. Na kwenye kijumba kimoja, ndani ya mahakama, baba mdogo, ametia suti, kando ya wakili wake. Mama alipomwona alivuta pumzi. Nikamshika bega.

Kesi zilikuwa nyingi mbele yetu. Mwenye ng'ombe, mwenye mpaka, mwenye mkataba. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye taa ya mistari. Ikawa mitano, ikawa minne, ikawa mitano. Jasho lilinitoka kwapani na hali asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Halafu karani akasoma namba yetu, na wakati huohuo sura zote zikaganda.

“Sufuria!” nikampigia jirani kelele. “Mama, sufuria imegeuka!”

“Imeguswa na kuku!” jirani akajibu kutoka nje. “Niielekeze wapi?”

“Highrise! Elekeza Highrise!”

“Hivi?”

“Zaidi! Woi, zaidi! Hapo! Usipumue!”

Sura zikarudi. Karani alikuwa anasema, “Kwa mara ya mwisho, shahidi yupo?” na wakili wetu alikuwa ameshasimama, mkono juu. Mama akasema, kwa sauti niliyomfahamu nayo tangu utoto, ile ya kuitia watu ng'ambo ya mto, “Nipo!”

Wakamwapisha. Alishika Biblia yake kwa mkono wa kulia, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kusema kweli na kweli tupu, na aliyatamka maneno yale polepole, neno kwa neno. Halafu wakili wetu akamuuliza, naye akajibu vizuri ajabu. Aliolewa lini, alijenga na nani, mpaka unapita wapi, ni nani aliyeng'oa ile miti ya mpaka. Sura haikukwama. Sauti haikukatika. Nikaanza kupumua.

Kisha akasimama wakili wa baba mdogo, kijana mpole, mwenye sauti ya kubembeleza.

“Pole sana mama kwa kuumwa,” akasema. “Hapo ulipo ni wapi?”

“Nairobi.”

“Kwa nani?”

“Kwa binti yangu.”

“Pazuri sana. Naona vitambaa vizuri. Ni vyako?”

“Nilivishona mwenyewe,” mama akasema, na akatabasamu, maskini. Alidhani anasifiwa.

“Vilikuwa wapi kabla?”

“Nyumbani kwangu.”

“Na hiyo picha hapo juu yako?”

“Ni mume wangu.”

“Nayo ilikuwa wapi kabla?”

“Sebuleni kwangu.”

Ndipo nilipoelewa. Yule kijana alimgeukia hakimu, na sasa sauti haikuwa ya kubembeleza. “Mheshimiwa, tumeona wote, na tunashukuru picha ni safi kabisa. Vitambaa viko Nairobi. Picha ya marehemu iko Nairobi. Mama yuko Nairobi. Mwanamke akishabeba picha ya mume wake kutoka ukutani, amebakisha nini? Amehama. Mteja wangu anatunza tu nyumba ambayo mwenyewe ameiacha.” Akamrudia mama. “Mama, umeapa. Nataka jibu moja. Ni kweli au si kweli kwamba siku hizi unaishi Nairobi?”

Mama akageuka kutoka kwenye kamera. Akanitazama.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye ule waya wa modemu. Wiki zote zile nilikuwa nimetafuta netwaki isiyokatika, na sasa nilitaka ikatike. Ningeuchomoa tu. Nani angeuliza? Kibera, netwaki imepotea, pole mheshimiwa. Dunia nzima ingeamini. Sikufikiria kwamba kesi ingetupwa, sikufikiria chochote, nilitaka tu kumtoa mama yangu mbele ya yule kijana. Nilikuwa nimeshabana kichwa cha waya kwa vidole viwili.

Mama akaweka mkono wake juu ya wangu, chini ya pale kamera inapoona. Akaniambia kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, niache. Halafu akainua uso.

“Mheshimiwa, nimeapa, kwa hiyo nitasema,” akasema. “Hiki kitanda si changu. Mwenyewe analala chini. Hivi vitambaa nilivitandika jana kwa sababu yako, kwetu mgeni akija tunatandika. Na picha, nilipokuwa nabebwa kupelekwa hospitali, shemeji yangu huyo aliyekaa hapo alikuwa anapima dirisha langu kwa kamba. Nilisema nikimwacha mume wangu ukutani nitarudi nimkute kwenye migomba. Nikamchukua. Hapa nimelazwa. Nauguzwa hapa. Lakini kuishi, siishi hapa. Hata siku moja sijaishi hapa.”

Mimi niliyelala sakafuni miezi yote ile nilisikia yale maneno, hata siku moja, na yakaniingia mahali pabaya. Nilikuwa nimefurahi na nimeumia kwa pamoja, na sikujua niweke uso wangu vipi.

Hakimu aliandika kwa muda. Kisha akamuuliza baba mdogo moja kwa moja, “Kwa sasa nani analala ndani ya nyumba hiyo?”

Baba mdogo akakohoa. “Kijana wangu, mheshimiwa. Analinda.”

“Na mlango alifunguliwa na nani?”

Baba mdogo akamtazama wakili wake. Wakili wake alikuwa anatazama karatasi.

Hakimu akaamuru huyo kijana wa baba mdogo atoke mle nyumbani, funguo zipelekwe kwa chifu, mtu yeyote asiguse mpaka wala nyumba hadi kesi iamuliwe, na mwezi ujao atakuja mwenyewe kulitazama shamba, mama amwonyeshe mipaka kwa mkono wake. “Utakuwepo, mama?”

“Nitakuwepo,” mama akasema.

Nilipofunga laptopu, jirani aliingia mbio na mwiko, akamkumbatia mama, akaimba. Fundi wa milango akaanza kugonga nyundo yake kwa nguvu, akisherehekea au akifidia muda, sijui. Nilichemsha chai ya maziwa mengi, nikawagawia wote waliokuja. Mama alikunywa yake akitazama picha ya baba. Watu walipotoka, akaniita.

“Magari ya kwenda nyumbani huondoka asubuhi saa ngapi?”

“Ya nini, mama?”

“Ya kunipeleka. Nitafutie kiti cha mbele nikunjue mguu.”

“Mama! Daktari amesema bado. Hakimu mwenyewe amesema mwezi ujao.”

“Daktari hakuapa, wala hakimu hakuapa. Mimi nimeapa. Nimeshika Biblia nikasema siishi hapa. Nikilala hapa mpaka mwezi ujao, nikiamka nachambua mboga, naenda kulala, nitakuwa nimemwambia Mungu nini?”

Nilibishana. Nilimwambia Mungu anajua nyonga ni nini. Nilimwambia huko hakuna wa kumpikia, akasema kuna wake za watu na kuna majirani. Nilimwambia atavunjika tena, akasema atavunjikia kwake. Nilipoishiwa na maneno yote nikasema lile nililokuwa nalificha, na sauti yangu ikatoka ya mtoto.

“Na mimi je? Unaniacha hapa na nani?”

Alinivuta nikae kando yake kitandani. Akanipangusa uso kwa ncha ya leso yake, ingawa nilikuwa sijaanza kulia.

“Wewe pia huishi hapa,” akasema. “Ni vile tu hakuna aliyekuapisha.”

Nikatoka nje nikalia pale njiani, na sikujali nani ananiona.